Mkwe Aliyegeuza Uso

"Ipyana, mwambie mama yako mhakiki amefika darajani. Nimeliona gari."

Ipyana alikuwa mgongoni kwangu anatafuna ncha ya mbeleko, na hakuniambia kitu. Hajaanza kusema. Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia, kwa sababu kati ya jiko langu na chumba cha baba mkwe kuna ukuta wa mianzi tu, na sauti inapita humo kama moshi.

"Ipyana," nikasema na mimi, kwa sauti ya kuvuka ukuta, "mwambie babu asikae na wageni kabla hajameza dawa ya moyo."

"Mwambie mama yako nimeshameza."

"Mwambie babu kisosi kimerudi kidirishani na kidonge chake juu."

Halafu mkono wenye mishipa ukatokea kwenye kidirisha cha kupitishia vyombo, ukachukua kidonge, ukapotea. Mkono huo naujua vizuri. Uso wake siujui. Hata kwenye picha za harusi yetu amesimama pembeni, anatazama migomba.

Mimi ni wa Makambako, mjini, na kwetu mwiko huu haukuwepo. Nilipoletwa huku Rungwe kama mke wa Gwakisa, siku za mwanzo nililia. Nikitokea njiani, mzee wa watu anaingia kwenye kahawa. Nikipita uani, anageukia ukuta. Nikamwambia mume wangu, baba yako ananichukia. Gwakisa alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe Tulizo, angekudharau angekutazama!" Akanieleza kwamba huku kwao baba wa mume na mke wa mwana hawatazamani usoni, hawatajani majina, hawasemezani ana kwa ana. Heshima inakaa pale katikati, na ukipapita unaikanyaga. Siku hizi nyumba nyingi zimeacha, na mama mkwe, kabla hajafariki, aliniambia niko huru kuacha na mimi. Nikaushika kwa kujaribu, nikaupenda. Kuna raha yake, mtu mzima kukuachia njia nzima upite.

Kitabu chetu tulikiandika hivyo hivyo. Yeye upande ule, mimi upande huu na kompyuta ya masomo ya jioni juu ya meza ya jikoni, Ipyana katikati, kwanza tumboni, halafu mgongoni. "Mwambie mama yako aanze aya mpya." "Mwambie babu sentensi hii ni ndefu, msomaji atapaliwa." Mpaka kikaisha.

Kinaitwa *Maongezi ya Kupeana Mgongo*, ni maongezi yetu na kiumbe mgeni aliye huko juu angani. Huenda umekisikia. Vijana wa Mbeya walichora mgongo wa mtu kwenye fulana zao wakatembea nao mjini. Mchungaji mmoja alisema ni pepo. Profesa mmoja aliulizwa redioni, akacheka kwanza, halafu akasema kiumbe anayenyamaza kila anapochunguzwa ni kiumbe anayemfaa sana mwongo. Wakati anasema hayo nilikuwa namnyonyesha Ipyana, na maziwa yalikatika.

*

Mhakiki alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, viatu vimejaa tope jeusi la kwetu. Alipiga hodi kwa upole. Nikamkaribisha, nikampa chai na gimbi la kuchemsha, akala bila kujivunga. Jina lake Bi. Zamoyoni, katoka Idara ya Muhuri, inayopima kitabu kipi ni cha kweli. Nikamwonyesha kiti kwenye kibaraza, pale ukuta wa mianzi unapoishia. Ukikaa hapo unatuona wote wawili, mimi na baba mkwe, na sisi wenyewe hatuonani.

Akaweka mezani kidude cheupe mithili ya kipande cha sabuni.

"Hii ni Mizani," akasema. "Isikutishe, mama. Haijui kama jambo ni kweli. Inajua tu kama anayesema anasema anachokijua. Akisema anachokijua, kijani. Akidanganya, nyekundu."

"Na kijani ikiwaka, kitabu kinapata muhuri?"

"Hapana. Mtu anaweza kuamini kitu ambacho hakipo. Muhuri unataka ulimi safi na kitu cha kuonekana kwa macho. Vyote viwili."

Kutoka nyuma ya ukuta tukasikia guno. "Ipyana, mwambie mgeni kwamba macho ndiyo shida yenyewe."

Bi. Zamoyoni akageuka huku na huku. "Anaongea na nani?"

"Na mtoto."

"Huyu huyu anayekula nguo?"

"Ndiye karani wetu."

Akacheka, na nikampenda kwa kicheko kile, jambo ambalo sikulitaka. Kisha akaishika Mizani kwa vidole viwili, akawa anaizungusha.

"Usinione mkali, mama Ipyana. Ile miaka ya sauti bandia wewe ulikuwa mdogo. Mama yangu aliongea na kaka yangu kwenye simu miaka miwili baada ya kumzika. Sauti ile ile. Utani ule ule, maana kaka alikuwa anamwita bibi harusi. Ilikuwa mashine. Ikamwambia auze shamba, akauza. Shamba si kitu. Siku alipojua kwamba ni mashine, alimzika mwanawe mara ya pili, na safari hii peke yake, bila majirani, kwa sababu nani angekuja kwenye msiba kama huo? Hakumaliza mwaka." Akanywa chai. "Kwa hiyo mimi nikikuta neno halina ushahidi, nalifungia kengele. Na nalala vizuri."

Kengele naijua. Jirani yetu Kajuni anayo. Aliandika kitabu cha mizizi inayoponya kisukari, kumbe haiponyi, na tangu hapo kila chombo kinachobeba sauti yake, simu, redio, hata mashine ya kupokelea watu zahanati, hutanguliza milio mitatu, ting, ting, ting, ndipo yeye asikike. Wanaomsikiliza wajue kwamba huyu hajathibitika. Siku mkewe alipoanguka jikoni, Kajuni alipiga simu ya gari la wagonjwa. Ting, ting, ting. Mashine inayopanga foleni ikamweka nyuma ya wenye sauti safi. Mkewe alipona, lakini mkono wake wa kulia haujarudi mpaka leo. Nampelekea maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Na baba mkwe, ambaye jina lake ndilo liko kwenye jalada la kitabu, moyo wake unasimama-simama. Masika yaliyopita alianguka mara mbili, zote nikiwa sokoni na Gwakisa yuko Mbeya kazini, na aliyeliita gari ni yeye mwenyewe, amelala chini, kwa sauti yake.

Hilo ndilo lililokuwa mezani siku ile, pembeni ya magimbi.

*

"Masikio ya dunia nzima yameelekezwa juu kumtafuta huyo wenu," Bi. Zamoyoni aliuambia ukuta. "Kimya, mzee wangu. Hakuna hata mkoromo."

"Mimi nikikutana na mke wa mwanangu njiani, naingia kwenye kahawa," baba mkwe akajibu. Na wageni huongea nao moja kwa moja, mwiko hauwahusu. "Akinifuata humo na tochi, atanisikia nikimwimbia? Njoo usikie namna yetu."

Kila nyumba kilimani kwetu ina sikio moja uani. Ni bakuli la nyavu za waya la kusikilizia anga, pana kuliko paa la banda la ng'ombe, na sisi tunaolitunza tunapewa umeme. Baba mkwe alifundisha fizikia sekondari mpaka akastaafu, na sikio la uani kwetu akalipenda kuliko ng'ombe. Ndiye aliyegundua. Siku moja upepo uliliinamisha likatazama bondeni, kwenye chai, na badala ya kunyamaza likaanza kusema.

Nilimweleza Bi. Zamoyoni kama nilivyoelezwa. Sikio hulisikia lililo mbele yake kwa nguvu, lakini pembeni na nyuma pia husikia kidogo. Mama anapopika amempa mtoto mgongo. Hamtazami, ila anajua sasa kashika kijiko, sasa kashika kisu. Mgeni wetu wa huko juu huongea na mgongo wa sikio. Ukiligeuza limtazame, ananyamaza hapo hapo, na hurudi siku nyingine kabisa. Hayuko mbali, kwa maana ya huko juu. Ukisema neno, jibu hurudi baada ya muda wa kumeza funda la chai, kwa hiyo yuko nyuma ya mwezi kidogo, si kwenye nyota.

"Sasa nikae vipi?" akauliza.

"Geuka utazame chai."

Akageuza kiti. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, wachumaji wanarudi na vikapu, mmoja anaimba. Mimi nilikuwa nimeupa ukuta mgongo, baba mkwe ameupa ukuta mgongo upande wake, na sasa mwanamke wa Idara ya Muhuri ameipa mbingu mgongo. Nikawasha kipaza sauti. Kawaida salamu natoa mimi, na namwita mkwe kwa kuwa naye hatazamwi; mengine husema baba mkwe.

"Umeshindaje, mkwe? Leo tuna mgeni."

Kigeuzi kikageuza maneno kuwa midundo, sikio likaitoa. Tukameza chai. Halafu kwenye spika, chini kabisa ya mvumo, ikaja: tuk. Tuk-tuk. Tuk. Maneno yakajipanga kwenye kioo cha kompyuta, taratibu, na mengine yana alama ya kuuliza, pale kigeuzi kinapokuwa hakina hakika.

MGENI ANATAZAMA?

"Amegeuka," nikasema.

AKARIBIE.

Niliona mgongo wa Bi. Zamoyoni ukinyooka. Alipouliza, sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliye mbele ya mgonjwa.

"Ule ukurasa ambao watu wanaupigania. Anaposema watu wake waliwatazama wengine kabla yetu, na hao wengine hawapo tena. Muulizeni walikufaje."

Baba mkwe akauliza. Safari hii tulisubiri zaidi ya funda moja. Ipyana alipiga chafya.

HAWAKUFA. WALITUTAZAMA SISI TU. WATOTO WAO WAKAACHA KUIMBA (?) NYIMBO ZAO. TULIPOSEMA, WALISEMA. TULIPONYAMAZA, HAWAKUWA NA NENO.

Na baadaye kidogo:

SASA TUNAPITA PEMBENI.

Yule mchumaji alikuwa bado anaimba kule chini, wimbo wa kipuuzi kuhusu mwanamume aliyeibiwa kofia. Bi. Zamoyoni alifuta macho kwa kiganja, haraka.

"Inapendeza kusikia," akasema. "Na sauti nzuri ndiyo iliyomwua mama yangu." Akaugeuza uso kwangu. "Sikilizeni. Idara ina Jicho, liko juu huko, linazunguka dunia. Likiambiwa mahali, linageuka na kupiga picha kabla kitu hakijajua kimetazamwa. Picha moja tu. Kitabu chenu kitapata muhuri jioni hii hii, na yule profesa atakula maneno yake. Shida ni kwamba mbingu ni kubwa na hicho kitu ni kidogo."

"Kama nyumba ya vyumba viwili," baba mkwe akasema, na nikasikia anavyojilaumu kwa kulisema.

"Mzee wangu, unajua kilipo?"

"Sijui. Sikutaka kujua."

Mizani ikawaka kijani. Kisha Bi. Zamoyoni akaisogeza upande wangu, taratibu, kama mtu anayesogeza sahani.

"Mama Ipyana. Wewe unajua?"

*

Nilijua.

Sikuwahi kukaa chini nikakokotoa. Lakini mwaka mzima ni mimi niliyekuwa nikiligeuza sikio kidogo huku, kidogo kule, nikiandika sauti imepanda au imeshuka, na darasa la jioni lilikuwa limenifundisha hesabu za anga. Mambo mawili hayo yakikutana kichwani mwa mtu, hayaombi ruhusa. Najua mwanangu yuko chumba gani kwa mlio wa kijiko anachoburuta. Kwa namna hiyo hiyo nilijua mgeni wetu hupita wapi, na sasa hivi yuko wapi.

"Najua," nikasema. Kijani.

"Utasema?"

Nyuma ya ukuta kiti kikalia. "Ipyana, mwambie mama yako moyo ni wangu na kengele itakuwa yangu. Asimtoe mtu kichakani kwa ajili yangu."

Bi. Zamoyoni alinisubiri. Si mtu mbaya. Alinisubiri kama mkunga.

Nikafikiria mkono wa mke wa Kajuni. Nikafikiria baba mkwe amelala sakafuni, simu sikioni, ting, ting, ting, na gari linakwenda kwanza kwa mwenye jino linalouma. Kisha nikafikiria ile picha. Ingetundikwa kila mahali. Watoto wangeichora kabla ya kuchora nyumba zao. Kila dirisha lingefunguliwa upande wa juu, kila mtu ameshika kitu cha kumulika, na Ipyana wangu, ambaye bado hajasema neno lake la kwanza, angelisema neno hilo akitazama huko. Na mgeni angeondoka. Au, mbaya zaidi, angebaki.

Mgongoni mtoto alinipiga teke. Alikuwa amechoka kusimama pamoja nami.

"Sisemi," nikasema. Kijani.

Bi. Zamoyoni akashusha pumzi. "Basi kengele inamwangukia mwandishi. Sheria siyo mimi niliyeitunga, mama." Akafungua kinasa chake, akaweka sauti ya kazi. "Kwa kumbukumbu za Idara, taja jina la mwandishi wa kitabu hiki."

"Silitaji jina hilo. Ni mwiko."

"Liko kwenye jalada."

"Liko. Kila nikikishika naweka kidole gumba juu yake."

Akatabasamu bila kutaka. "Haya. Nijibu hivi basi. Yeye ndiye aliyekuambia maneno yaliyomo?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Halafu nikajizuia. Nikaona kama mtu anayekuta ufunguo uliokuwa mkononi mwake muda wote.

"Hapana," nikasema. "Hajawahi kuniambia neno hata moja."

Mizani ikawaka kijani.

Bi. Zamoyoni aliitazama, akanitazama. "Hajawahi?"

"Tangu nilipoolewa."

Kijani.

"Alikuwa anamwambia nani?"

"Mjukuu wake."

"Na mjukuu akakuambia wewe?"

"Huyu? Hata 'mama' hajui kusema." Kijani, kijani. "Maneno ya kitabu nimeyapanga mimi, nikayaandika mimi, na jalada nimeliweka mimi. Jina lile niliweka kwa heshima. Sheria yenu inasema mwandishi ni nani?"

"Aliyeyapanga maneno na kuyaandika," akajibu polepole.

"Ndiye mimi."

Taa ilisita. Nakwambia kweli, ilisita, ikawa kama maji machafu. Halafu ikawa kijani.

"Ipyana!" Sauti ya baba mkwe ilipasuka. "Mwambie mama yako anyamaze! Mwambie huo ni ujinga! Mwambie mimi ndiye—"

"Ipyana, mwambie babu mimi sijaambiwa kitu."

Kiti kikaanguka. Nikasikia hatua zake zinakuja, nzito, kuelekea kule ukuta unapoishia. Kivuli chake kikatokea kwenye sakafu ya kibaraza, kwanza kichwa, kisha bega. Nikajifunika kitenge usoni. Hatua moja zaidi na angekuwa mbele yangu, ananisemesha, na maneno yote niliyoyasema yangegeuka nyekundu kuanzia hapo.

Kivuli kilisimama. Nilikiona kupitia uwazi wa kitenge, kinatetemeka kidogo ukingoni. Kisha kikarudi nyuma, taratibu, mpaka kikaisha. Upande wa pili wa mianzi nikasikia mzee anaokota kiti chake.

Bi. Zamoyoni aliyaona yote. Alikizima kinasa.

"Unajua unachopoteza?" akaninong'oneza. "Nimesoma habari zako kabla ya kuja. Mwaka huu ulikuwa unafanya mtihani wa ualimu. Masomo ya jioni yanafundishwa kwa sauti, kupitia vyombo. Mwenye kengele hapewi darasa."

"Najua."

"Na mtoto akishikwa na homa?"

Hilo ndilo lililonitoa machozi. Sikuyaficha. "Nyumba hii itakuwa na sauti moja safi," nikasema. "Nilitaka iwe ya nani? Mimi nina miguu ya kukimbia. Yeye hana."

Kisha akaisogeza Mizani karibu na mdomo wangu, akaniambia nitaje jina langu mpaka chombo kiijue sauti. Nikataja. Tulizo Mgaya. Tulizo Mgaya. Haiumi. Ilikuwa kama kumtajia jina muuza duka.

Alipokuwa anafunga mkoba alikitwaa kitabu kilichokuwa mezani, nakala yetu. "Sheria inasema vikusanywe," akasema. Akakiweka katikati ya kanga aliyoikunja, pale mtu anapoweka kitu cha safari. "Haisemi mhakiki asisome."

Nikamsindikiza mpaka kwenye mlango wa ua. Watu wote wanaokuja kwetu kwa ajili ya kitabu, wakitoka hapo, hutazama juu. Hata wanaotutukana hutazama juu. Bi. Zamoyoni aliinamisha kichwa, akatazama tope na viatu vyake, akashuka hivyo hivyo mpaka kwenye gari.

*

Jioni nilimpigia Gwakisa.

Ting, ting, ting.

"Haloo? Nani huyu ananigongea kengele?"

"Mkeo."

Nikamweleza yote, na kila nilipopumzika kidogo na kuanza tena, ting, ting, ting, ikatutangulia. Ipyana alikuwa mapajani. Mara ya kwanza alishangaa. Mara ya pili alitoa jicho. Mara ya tatu alicheka, kile kicheko chake cha tumboni, akaanza kuishika simu na kunisukuma mdomo niseme tena.

"Anacheka?" Gwakisa akauliza.

"Anadhani nimemnunulia kichezeo."

"Mke wangu." Sauti yake ilikuwa nzito. "Mwanamke wewe."

"Usinililie, nitalia na mimi, na hapa ninapika."

Nilipokata simu, mkono wenye mishipa ulikuwa kidirishani. Kisosi kimerudi kitupu. Kidonge kimemezwa bila kukumbushwa, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Ipyana," baba mkwe akasema. Nikasikia anapenga kamasi. "Ipyana, mwambie mama yako... mwambie kuanzia leo simu zote za nyumba hii nitapiga mimi. Za mtoto, za sokoni, hata za kumwuliza mwanangu kama amekula. Mwambie akitaka hata kumsengenya jirani, aniletee, nitasema kwa niaba yake."

"Ipyana, mwambie babu asante. Mwambie ndaga fijo." Hilo nilijifunza kwao, na maana yake ni asante sana.

"Mwambie anatamka vibaya."

Siku kadhaa sikuligusa sikio. Niliogopa kipaza sauti. Sikio letu limo kwenye mtandao wa kilima, na chochote kilichomo mtandaoni kinaijua sasa kengele yangu. Niliwaza mgeni atasikia nini. Huko kwao mlio kama ule unaweza kuwa tusi, au hatari, akaondoka bila kuaga. Lakini mkwe hasalimiwi na mtu mwingine kama wewe upo, na mimi nilikuwepo. Jua lilipokaribia migomba nikaliinamisha sikio kuelekea bondeni, nikakaa, nikaupa ukuta mgongo, nikambeba mtoto begani.

"Umeshindaje, mkwe?"

Ting, ting, ting, likatoka kwanza. Halafu sauti yangu.

Funda la chai. Funda jingine. Kule bondeni wachumaji walikuwa wamekwisha kuondoka, na mvumo wa spika ulikuwa mtupu kama ndoo. Nyuma ya mianzi sikusikia hata pumzi.

Kisha, chini kabisa: tuk, tuk, tuk.

Mitatu. Imeachana sawasawa na ile kengele, na mwisho imevutwa kidogo vile vile. Baada ya hapo ndipo salamu ikaja, ile ya siku zote, neno kwa neno. Kwenye kioo, mbele ya salamu, kigeuzi kiliacha nafasi tupu. Kilikuwa hakijui milio ile ni neno gani.

Ipyana alicheka, akanyoosha mikono kuelekea spika.

Tangu jioni ile mgeni haanzi kamwe bila milio mitatu, na huitoa ninaposalimu mimi tu. Baba mkwe akisema, hujibiwa bila milio. Lakini jioni ile ya kwanza tulikuwa bado hatujalijua hilo, na mimi nilikuwa nimekaa na kompyuta mapajani, mtoto begani, nimeitolea macho ile nafasi tupu.

"Ipyana," sauti ikaja kutoka upande wa pili, polepole, kama ya mtu anayechagua mahali pa kukanyaga. "Jina la mama yako mimi siruhusiwi kulitaja. Basi mwambie aandike kwamba huyu mwingine amelipata la kumwita."

"Mwambie babu nitaliandika wapi? Kitabu kimekwisha kukusanywa."

Mzee akacheka. Mwaka mzima wa kazi, na nilikuwa sijawahi kukisikia kicheko chake.

"Mwambie mama yako," akasema, "aanze aya mpya."